Redevansi ya migodi ni nini, na makuta yake inaendaka wapi?

Hapa Kongo (RDC), redevansi njo makuta ambayo kampuni ya mgodi inalipa kwa sababu tu imetoa mali kwenye udongo wa nchi, basi. Watanzania wao wanaita mrabaha. Sheria Bakajika ya 1966 ilisema ardhi na vyote vilivyo chini ni vya Leta, yaani serikali, Katiba ya 2006 nayo ikashika njia ile ile, kwa hiyo hata ukiwa na parsele yako Ruashi na karatasi zote ziko sawa, mukuba (shaba) ulio chini ya nyumba si wako. Mwenye kuuchimba lazima alipe mwenye mali.

Watu wengi wanaichanganyaka na kodi ya faida. Kodi ya faida, kampuni ikiwa na wahasibu wajanja inaweza kuonyesha hasara mwaka huu na mwaka kesho tena, na Leta inabaki inaangalia tu. Redevansi haiulizi kama umepata faida, inahesabiwa kwa bei ya mzigo unaotoka. Na hapo kuna kitu kilibadilika: kwenye Kode ya migodi ya 2002 kampuni ilikuwa inatoa kwanza gharama zake, transport na mengine, njo inahesabu kwa kile kinachobaki. Kode iliyorekebishwa Machi 2018 ikakata mchezo huo, sasa ni bei nzima. Kwa nchi ambayo shaba yake inatembea mpaka Dar es Salaam ao Durban kabla ya kuona bahari, transport haikuwa kitu kidogo hata kidogo. Kwangu mimi hiyo njo sehemu nzuri kupita zote za Kode ile, ingawa watu walisikia paka habari ya asilimia kupanda.

Asilimia zenyewe: shaba ilikuwa 2, sasa 3.5. Kobalti iliwekwa kwenye madini ya kistratejia, yaani yale Leta inaona ni ya maana kupita mengine, mwisho wa 2018, ikaruka mpaka 10.

Tufanye hesabu. Kamyo imebeba tani 30 za shaba, tuseme tani moja ni dola 10,000 ili tusiumize kichwa, mzigo ni dola 300,000. Redevansi yake ni 10,500. Nusu, yaani 5,250, inaenda Kinshasa kwa serikali kuu. 25% inaenda kwa provensi, 2,625. 15% inaenda kwa komini, sekta ao sheferi pale mgodi uko, 1,575. Ile 10% ya mwisho, 1,050, inawekwa kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, yaani kwa wakati mawe yatakuwa yamekwisha. Na sheria inasema kampuni inalipa kila mmoja moja kwa moja kwenye konti yake, si kwamba yote iende kwanza Kinshasa halafu tungoje warudishe.

Sasa angalia ramani. Mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Shaba na kobalti ziko zaidi kwa wawili wa kwanza, kwa hiyo ile 25% ya migodi ya Kolwezi inabaki Lualaba, Lubumbashi ya Haut-Katanga haiigusi tena, na Kamina ya Haut-Lomami yenye mashamba na reli haioni kitu hapo. Zamani yote ilikuwa inaingia mfuko mmoja. Mtu wa Kamina akinuna siwezi kumlaumu.

Kuna kitu kingine kinaitwa dotasyo, nacho wanakichanganyaka na redevansi. Hiyo ni angalau 0.3% ya mauzo ya kampuni ya mwaka, na haiendi kwa Leta, ni ya kazi za maendeleo ya vijiji na mitaa inayoguswa na mgodi: shule, maji, dispansere. Kuna chombo chake ambamo wajumbe wa wananchi wanakaa pamoja na watu wa kampuni. Kwa hiyo ukiona shule imejengwa na dotasyo, bugumestri, mkubwa wa komini, asikuambie eti njo kazi ya redevansi, ile 15% yake bado ana deni ya kueleza imefanya nini. Na ukienda kuipigia kelele kwenye mlango wa kampuni watakuonyesha bordero ya benki kwamba walishalipa, urudi kwa komini.