Kikombe cha neva ya jicho: kipi hurithiwa, kipi hakirithiwi

Kwenye kadi ya kliniki ya macho, iwe Unguja au Pemba, mara nyingi huandikwa namba ndogo kama 0.5 au 0.6, moja kwa jicho la kulia na moja kwa la kushoto. Hiyo si presha wala nguvu ya miwani. Ni uwiano wa kikombe na diski, na ni sehemu ya umbile la neva ya jicho inayoonyesha urithi waziwazi.

Nyuma ya jicho, nyuzi za neva zipatazo milioni moja hutoka kila upande wa retina, utando unaopokea mwanga, hukutana na kupita kwenye tundu moja kuelekea ubongoni. Daktari akichungulia kwa kurunzi yake, mahali hapo huonekana kama duara: hiyo ndiyo diski, na kimo chake ni kiasi cha milimita 1.8. Nyuzi hupita ukingoni mwa duara na kuacha kishimo cheupe katikati, ambacho ndicho kikombe. Ukingo wenye rangi ya chungwa ndio nyuzi zilizo hai. Kimo cha kikombe ukikigawa kwa kimo cha diski unapata uwiano: kikombe cha milimita 0.9 ndani ya diski ya 1.8 ni 0.5.

Sasa chukua kamba ya makumbi ya unene uleule, uipitishe katika tundu dogo, kisha katika tundu pana. Kwenye tundu pana itabaki nafasi, ingawa hakuna uzi uliokatika. Ndivyo ilivyo jichoni: mwenye diski kubwa huzaliwa na kikombe kikubwa na neva yake ni nzima. Watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana diski kubwa kuliko Wazungu. Kwa hiyo 0.6 katika diski ya milimita 2.2 yaweza kuwa umbile tu, lakini 0.6 katika diski ya 1.4 ni jambo la kufuatiliwa. Mpimaji anayeandika uwiano bila kutazama ukubwa wa diski hukosea kotekote: humtia hofu asiye na ugonjwa na humrudisha nyumbani mgonjwa. Tofauti ya zaidi ya 0.2 kati ya jicho na jicho nayo isipuuzwe.

Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa takriban nusu hadi theluthi mbili ya tofauti za uwiano huu baina ya watu hutokana na urithi. Jeni ya ATOH7, iliyoko kromosomu ya 10, huongoza kuumbwa kwa seli za neva za retina mtoto akiwa tumboni, na hugusa ukubwa wa diski. SIX6 ya kromosomu ya 14 na eneo la CDKN2B la kromosomu ya 9 hugusa kikombe, na hizo pia zinahusishwa na glakoma, ugonjwa tunaouita presha ya macho. Watafiti hupenda kupima umbile kuliko ugonjwa kwa sababu rahisi: kila mtu ana kikombe cha kupimwa hata akiwa kijana, lakini glakoma kwa kawaida husubiri mpaka utu uzima.

Umbile, basi, ni jambo moja na ugonjwa ni jingine. Katika glakoma nyuzi hufa, ukingo hupungua na kikombe hupanuka mwaka hadi mwaka. Presha ya kawaida ndani ya jicho ni kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, lakini wapo wanaopoteza nyuzi wakiwa na 16.

Glakoma ya watu wazima kwa kawaida hutokana na jeni nyingi, zaidi ya maeneo 100 yanajulikana, kila moja likiongeza kidogo. Ndiyo maana kipimo cha damu hakitakwambia mengi, tazama neva. Zipo aina chache za jeni moja. Jeni ya MYOC, iliyogunduliwa 1997, nakala moja mbovu yatosha: protini yake hukwama katika seli za chujio la kutolea maji ya jicho, maji hurudi nyuma, na presha hupanda hata kwa vijana. Kila mtoto wa mwenye nakala hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi.

CYP1B1 ni tofauti, kwani huhitaji nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama. Hapa ndipo ndoa za watoto wa ami zina uzito, kwa sababu wawili wa ukoo mmoja huweza kubeba badiliko lilelile bila kujua, na hapo kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mwenye glakoma ya kuzaliwa nayo. Mtoto huyo macho ni makubwa kupita kiasi, yanatiririka machozi, yanakimbia mwanga, na kioo cha mbele ya jicho kimefifia kama kina ukungu. Watu husema ana macho mazuri makubwa! Apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, maana tiba yake ni upasuaji. Kwa glakoma ya wazee, ndoa hizo sizo za kulaumiwa kwanza.

Utafiti wa Rotterdam wa 1998 ulikuta ndugu na watoto wa wagonjwa wana hatari ya takriban asilimia 22 ya kupata glakoma maishani, dhidi ya 2 hadi 3 kwa jamaa za wasio nayo. Kwa hiyo mgonjwa mmoja akigundulika, ndugu zake wa tumbo moja na watoto waliofika miaka 35 au 40 wakapimwe presha, diski na upeo wa kuona pembeni. Dawa ya kupanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa, basi vespa iachwe nyumbani. Na matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanayonunuliwa dukani kwa macho ya kuwasha, hupandisha presha zaidi kwa watu wa ukoo wenye glakoma. Yasitumiwe bila daktari.

Ukiambiwa babu alipofuka kwa uzee tu, uliza alipofukaje. Mboni nyeupe ni mtoto wa jicho. Mboni nyeusi, na mzee aliyekuwa akigonga bega kwenye mwimo wa mlango kwa kutoona pembeni huku bado akisoma msahafu, yaelekea ilikuwa glakoma.