Simu ya ofisi "kusajiliwa" maana yake nini, na uanzie wapi ikikwama

Kwenye kioo cha simu ya intaneti, karibu na namba ya ekstensheni, kuna alama ndogo ambayo hakuna anayeitazama mpaka siku inapobadilika. Ikiwa sawa, simu imesajiliwa. Ikipotea au ikapigwa mstari, simu itawaka, vitufe vitalia, ila haipigi wala haipigiwi.

Simu ya mezani ya zamani haikuwa na habari za kusajiliwa. Waya wa shaba ulitoka kituo cha simu hadi mezani kwako, na namba ilikuwa ya ule waya. Ya intaneti haina waya wake. Namba inakaa kwenye seva ya mtoa huduma, na simu ndiyo inayokwenda kujitambulisha: mimi ni 104, neno langu la siri ni hili, napatikana kwenye anwani hii. Ni kama kile kitabu cha wageni kwa askari wa mlangoni katika majengo ya ofisi Nairobi. Ukipenya bila kuandika jina, uko ndani kweli, lakini atakayekuja kukuulizia ataambiwa hakuna mtu kama huyo.

Na usajili huo una muda wake, mara nyingi saa moja au chini, kisha simu hujiandikisha upya kimyakimya. Ndiyo maana mtu hubadilisha neno la siri saa tatu asubuhi, mambo yakaendelea kama kawaida, halafu saa nne simu ikakata na ofisi nzima ikaapa kwamba hakuna aliyegusa kitu.

Kioo kikiwa giza kabisa, usajili hauhusiki. Hiyo ni stima. Simu nyingi za ofisi hupata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, kutoka kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa vifaa vya ofisi. Nyuma zina matundu mawili yanayofanana: moja la mtandao, lingine la kuunganishia kompyuta. Niliwahi kuitwa Kilimani kwa simu "iliyoungua". Nikaingia chini ya meza na tochi. Aliyefagia alikuwa ameng'oa nyaya zote mbili akazirudisha kinyume. Tundu la kompyuta halipokei umeme. Nikazibadilisha, simu ikawaka kabla sijasimama.

Stima ikipotea na kurudi, vifaa vyote huamka pamoja, na simu huwahi kabla ruta haijapata mtandao. Ikagonga, ikakosa jibu. Kwa hiyo ukizima na kuwasha, fuata mpangilio: kisanduku cha faiba kwanza, subiri taa zitulie, kisha ruta, kisha swichi, simu mwisho. Tena ofisi nyingi zina UPS, yaani betri ya akiba, kwenye kompyuta lakini kile kisanduku cha faiba kimechomekwa ukutani tu. Hapo UPS haiisaidii simu hata kidogo.

Sasa, simu inaweza kuwa imesajiliwa na bado ikasumbua, kwa sababu sauti hupita njia yake. Kujitambulisha na kuita ni mawasiliano mafupi. Sauti yenyewe hukatwakatwa vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde. Ukimsikia mwenzako naye hakusikii, vipande vya upande mmoja vinazuiwa, na mara nyingi ni ruta. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta SIP ALG, kipengele kinachobadilisha ujumbe wa simu za intaneti unapopita kwenye ruta, ukizime. Kiliwekwa kisaidie, lakini kwa nilivyoona, huharibu zaidi.

Sauti ikikatika kama redio mbovu, usikimbilie kununua intaneti ya kasi zaidi. Mazungumzo moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hula chini ya kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Kinachoumiza ni vipande kuchelewa na kupishana. Uliza nani anapandisha video za kamera za ulinzi mchana. Na kama simu iko kwenye Wi-Fi, ichomeke waya kwanza kabla ya kulaumu mtu.

Ukishindwa, usibonyeze ile menyu ya kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Itafuta namba, neno la siri na jina la seva, na aliyeviandika pengine aliacha kazi zamani. Mpigie mtoa huduma umwambie mambo matatu: imesajiliwa au la, ni simu moja au zote, na ilianza saa ngapi.