Mkataba bila muhuri wa notere nao unakufunga

Kila baada ya muda ujumbe uleule hurudi kwenye vikundi vya wafanyabiashara wa Goma: "Mkataba usio na muhuri wa notere hauna nguvu. Saini tu, ukichoka utaukataa." Si kweli.

Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ingali msingi wa sheria hiyo Kongo, inataka mambo manne katika kifungu cha 8: ridhaa, uwezo wa kisheria, kitu kinachojulikana na sababu halali. Muhuri wa notere, yaani ofisa anayethibitisha hati, haumo. Kifungu cha 33 kinasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya. Muombe wakili yeyote akuonyeshe vifungu hivyo viwili, ni mistari michache tu.

Mkanganyiko unatoka kwenye viwanja na nyumba, ambako kuhamisha hati kuna utaratibu rasmi. Watu wakaubeba hadi kwenye magunia ya maharage! Notere anaongeza uthibitisho, na kwa deni kubwa ningemwendea.

Karatasi ya mkataba ya duka la Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, isome kabla ya kalamu kugusa: kiasi kiko kwa tarakimu na kwa maneno? Ni dola au faranga? Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.