Mgumu wa zamani na kigoda cha msibani

Juzi msibani, kule Marangu, mjomba wangu alishindwa kuinuka kwenye kigoda. Akashika mapaja, akajisukuma, akarudi chini. Mara ya tatu vijana wawili wakamnyanyua kwapani. Huyu ni mgumu wa zamani, mpagazi aliyepandisha mizigo ya wageni Horombo na Kibo, vituo vya Mlima Kilimanjaro, miaka nenda rudi. Akajipangusa suruali, akasema, "Mazoezi yangu nilishayamaliza ujanani."

Dhana hiyo, kwamba nguvu za ujana zinakaa akiba, ndiyo inayowaangusha wengi. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30 hivi, na baada ya 60 kasi huongezeka, hasa kwa anayeshinda amekaa. Marekani waliwafuatilia wanaume karibu 17,000 waliosoma Harvard. Matokeo ya 1978 yalionyesha kuwa waliokuwa wanamichezo chuoni walibaki na nafuu ya mshtuko wa moyo pale tu walipoendelea kujishughulisha. Sifa ya zamani peke yake haikuwasaidia. Ujana una faida yake, sikatai: mifupa hujengeka zaidi kabla ya 30. Lakini hata hiyo hutaka kutunzwa.

"Magoti yamekwisha kwa sababu ya kukimbia." Hapana. Wanaokimbia kwa kiasi, kama hawa tunaowaona kila asubuhi barabarani Moshi, hawaonekani kusagika magoti kuliko wasiokimbia. Kinachochangia ni uzito wa mwili, jeraha la zamani, na kazi ya kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi. Hapo mjomba ana hoja.

Halafu kuna bamia. Kila mwenye goti linalolia ameshaambiwa ale bamia zirudishe ute. Shangazi alimchemshia mjomba sufuria nzima, akazinywa kwa kijiko huku amefumba macho. Ule utelezi wa bamia ni nyuzinyuzi za mmea. Unaishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini. Ute wa kiungo hutengenezwa na utando uliomo ndani ya kiungo chenyewe. Bamia ni mboga nzuri, na ugali zinapendeza. Basi.

"Mzee apumzike." Hii huwa tunaisema kwa upendo, tukimnyang'anya jembe na ndoo. Mwaka 1990, huko Boston, wazee 10 wa miaka 86 hadi 96 walianzishiwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, chini ya uangalizi. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja ya waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha angalau siku 3 kwa wiki. Goti lililovimba na kuwa la moto lionwe hospitali kwanza.

Mjomba sasa anainuka na kukaa kwenye kiti cha mezani mara nane kabla ya chai. Mkono mmoja bado umeshika meza, na ya nane huihesabu kwa sauti ili shangazi asikie jikoni.