Skrubu ya nanga haioti kama mche: mfupa wa taya unavyoishika

Tangu tulipoadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tarehe 20 Machi, kliniki yetu hapa Tanga imepokea malalamiko yanayofanana kutoka kwa wagonjwa wa nyaya za meno: kwamba skrubu ya nanga, yaani skrubu ndogo inayofungwa kwa muda kwenye mfupa wa taya ili iwe egemeo la kuvutia meno, inacheza, au kwamba daktari aliifunga mpira wa kuvutia meno siku ileile kabla "haijaota". Hilo la pili tumelieleza mara nyingi mno.

Skrubu hii ya aloi ya titani, yenye kipenyo cha milimita 1.2 hadi 2, haioti. Siku ya kwanza hushikwa na tabaka gumu la nje la mfupa, kama parafujo inavyoshikwa na mbao ya mninga, na ndiyo maana inaweza kuvutwa mara moja kwa nguvu ndogo. Kusubiri miezi ni kwa jino la kupandikiza, ambalo halina budi kuungana na mfupa. Skrubu ya nanga itafunguliwa kazi ikiisha, na hatutaki igande humo.

Kinachofuata hakionekani kwa macho. Mfupa uliobanwa na hesi za skrubu hupata nyufa ndogo sana, kisha seli zinazokula mfupa huondoa sehemu iliyoumia, na seli zinazojenga huweka mfupa mpya, ambao mwanzoni ni dhaifu na hauna mpangilio, kabla ya kupangika tabaka kwa tabaka. Kati ya kuondolewa kwa wa zamani na kukomaa kwa mpya kuna kipindi, takriban wiki ya pili hadi ya nne, ambapo mshiko hupungua. Skrubu ikitikiswa kila siku wakati huo, panapostahili mfupa hujengeka tishu laini, na nanga hulegea. Binti mmoja wa Ngamiani alikuja wiki ya tatu na skrubu yake imefungwa kwenye karatasi kama kipini. Alikuwa akiisukuma kwa ulimi darasani, akidhani anaizoeza.

Hata pasipo kosa la mtu, zaidi kidogo ya skrubu 1 katika kila 10 hushindwa, hasa ufizi unaoizunguka ukivimba kwa uchafu. Skrubu kuinama sehemu ndogo ya milimita huku ikibaki imara si kulegea.

Anayehisi inacheza afike na kadi ya kliniki, ajiandikishe mapokezi, aeleze siku aliyowekewa na siku alipoanza kuhisi tatizo, kisha asubiri kuitwa. Daktari ataijaribu kwa kifaa, ataagiza eksirei pale tu inapohitajika, na ikibidi ataitoa na kuchagua mahali pengine, baada ya mgonjwa, au mzazi wa mtoto, kutia saini fomu mpya ya ridhaa. Asiende kwa fundi wa mtaani. Kutibu meno bila kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2017, na tunashangaa kwamba bado yapo maswali kuhusu jambo hili.

Kuitoa ni kazi ya dakika chache, mara nyingi bila kushona. Ufizi hufunga ndani ya siku chache, mfupa hujaza tundu taratibu zaidi, na kwa siku hizo za mwanzo kashata na miwa vitafunwe upande wa pili.