CD ya gemu ya zamani kukataa kufunguka si lazima iwe imeharibika

Unguja na Pemba wako wengi wanaoamini kwamba CD ya gemu ya miaka ya 1990 ikikataa kufunguka katika kompyuta mpya, basi imeliwa na unyevu wa bahari na haifai tena. Imani hiyo ina msingi, kwani unyevu ukipenya hadi kwenye tabaka la alumini huliozesha, hasa kupitia upande wenye maandishi, ambao kinga yake ni nyembamba mno.

Hata hivyo, mara nyingi CD ni nzima na kilichobadilika ni kompyuta. Windows ya biti 64, iliyomo katika kompyuta nyingi za leo, haiendeshi programu za biti 16, yaani za mtindo wa kale zaidi, na gemu nyingi za wakati huo, hata ambazo zenyewe ni za biti 32, zilifungwa pamoja na kisakinishi (programu ya kuiweka gemu kwenye kompyuta) cha biti 16. Aidha, Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, haikubali SafeDisc, kinga ya kuzuia kunakili iliyotumika katika gemu nyingi, hivyo hata CD halali hukwama.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Iinue CD kwenye mwanga wa taa. Vitundu vingi vinavyopitisha mwanga ni dalili ya kuoza. Kisha nakili mafaili yake yote kwenye folda, na yakifika mwisho bila hitilafu, ujue yanasomeka. Gemu ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ijaribiwe kwa DOSBox, programu ya bure inayouiga mfumo huo; ya Windows 95 au 98 ijaribiwe katika kompyuta kongwe yenye Windows XP ya biti 32, kama bado ipo nyumbani.