Kamera ya hali ya hewa Kigoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mkazi wa Kigoma anayetaka kuweka kamera ya mtandao nje ya nyumba yake, ili picha za anga na za Ziwa Tanganyika ziingie kwenye tovuti yake ndogo ya hali ya hewa, kwa kawaida hupata ushauri kutoka kwa mafundi na wauzaji wa kamera za ulinzi. Ushauri wao ni mzuri kwa kazi yao. Lakini kamera ya ulinzi inamtafuta mtu aliyesimama getini, tena usiku, ilhali kamera ya hali ya hewa inatafuta wingu lililo kilometa kumi au arobaini kutoka hapo, na kazi yake kubwa ni ya mchana. Dhana nyingi zinazofuata zimezaliwa na tofauti hiyo.

Dhana: tovuti isiyo na video ya moja kwa moja haina maana

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu fedha nyingi kuliko nyingine zote. Video ya kawaida ya 1080p, hata ikibanwa kwa mfumo wa H.264 hadi megabiti 2 kwa sekunde, inatumia takriban MB 900 kwa saa, yaani zaidi ya GB 21 kwa siku moja. Hakuna bando la kawaida la simu linalostahimili matumizi hayo, na hata mwenye intaneti ya waya ataona kasi yake ya kupakia imeliwa yote na kamera.

Sasa tazama upande wa picha mnato. Picha moja yenye KB 250, ikitumwa kila baada ya dakika tano kwa saa 13 za mwanga, inatoa picha 156, ambazo kwa pamoja hazifikii MB 40 kwa siku. Kwa mwezi mzima ni kama GB 1.2. Msomaji wa tovuti anayetaka kujua kama mvua imekwisha kufunika milima ya upande wa Congo hapotezi chochote kwa kuona picha ya dakika nne zilizopita. Anayependa kuonyesha mawingu yakitembea anaweza kuiamuru kamera ihifadhi picha moja kila dakika kwenye kadi yake ya kumbukumbu, kisha jioni aziunganishe: picha 780 zikichezwa kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde ni filamu ya nusu dakika, na siku nzima ya anga inaonekana ndani yake bila kugusa bando.

Dhana: lazima ufungue mlango kwenye ruta ili watu waione kamera

Fundi atakwambia ufungue mlango (port) wenye namba fulani kwenye ruta ili kamera ifikiwe kutoka nje. Kwa watumiaji wengi wa intaneti ya simu jambo hilo halifanyi kazi kabisa, kwa kuwa kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, na ruta ya nyumbani haina anwani yake inayoonekana duniani. Pale linapofanya kazi ndipo hatari inapoanza. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka idadi kubwa ya kamera na mashine za kurekodi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha, na tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, tovuti kubwa nyingi zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa.

Tovuti ya hali ya hewa haihitaji mgeni yeyote aifikie kamera. Kamera nyingi za mtandao zina uwezo wa kutuma picha zenyewe kwenye seva kwa FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili mtandaoni: kamera ndiyo inayotoka nje, hakuna anayeingia. Wageni wanaiona picha iliyokwisha kufika kwenye seva. Kwa kuwa FTP ya kawaida hupeleka nywila bila kuificha, kamera ipewe akaunti yake isiyoweza kugusa chochote zaidi ya folda moja ya picha, na nywila hiyo isitumike mahali pengine popote. Ikiwa kamera inakubali SFTP, inayoficha nywila na picha zikiwa njiani, hiyo ni bora zaidi.

Dhana: megapikseli nyingi ndiyo picha nzuri

Kamera ya 4K ina takriban megapikseli 8, lakini picha inayowekwa kwenye ukurasa kwa upana wa pikseli 1280 haifikii hata megapikseli moja. Pikseli nyingi zikisongamana kwenye kihisi kidogo kilekile, kila moja inapokea mwanga mchache, na madhara yake yanaonekana alfajiri na jioni, saa ambazo anga la Kigoma ni zuri kuliko wakati wowote. Megapikseli 2 hadi 4 zinatosha. Fedha iliyobaki inunue waya mzuri.

Dhana: taa za infraredi zitakuonyesha mawingu ya usiku

Taa hizo, zenye mwanga usioonekana kwa macho, huandikiwa kwenye boksi kwamba zinafika mita 30, na wingu la chini kabisa liko juu mara kumi ya hapo. Zinachomulika kwa hakika ni matone ya mvua yaliyo mbele ya lenzi, vumbi lililoganda kwenye kioo, na wadudu. Wadudu wakishazoea, buibui naye anahamia: anatanda utando wake palepale kwenye duara la taa, na usiku unapoingia uzi mmoja unaong'aa kama waya wa umeme unakata picha nzima. Zima infraredi kwenye mipangilio na ulazimishe kamera ibaki kwenye rangi.

Usiku wa ziwani, hata hivyo, si mtupu. Siku za giza, wavuvi wa dagaa wanapokuwa majini, taa zao zinajipanga kwenye upeo kama mtaa uliohamia ziwani, na picha iliyopigwa kwa kufungua lenzi muda mrefu kidogo inazinasa vizuri. Ni kipimo cha kweli cha mwono, yaani umbali ambao jicho linaweza kuona: taa za mbali zikififia huku za karibu zikiendelea kuwaka, ukungu au mvua imeingia kati. Kipindi cha mbalamwezi taa hupungua sana kwa sababu uvuvi wenyewe hupumzika, na mtazamaji asidhani kwamba hali ya hewa imechafuka.

Dhana: kamera ielekezwe kaskazini ili ikwepe jua

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani inasema hivyo, na kwao ni sahihi. Wengine, wakikumbuka kwamba Tanzania iko kusini mwa Ikweta, wanaugeuza ushauri na kusema kusini. Kigoma ipo karibu digrii 4.9 kusini, karibu mno na Ikweta kwa kanuni yoyote kati ya hizo mbili. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kimo cha digrii 62 hivi. Mwezi wa Desemba liko upande wa kusini, kimo cha digrii 71 hivi. Kote kuwili liko juu mno kuingia kwenye lenzi iliyolenga upeo. Jua la kuogopwa hapa ni la asubuhi upande wa mashariki na la jioni upande wa magharibi, na bahati mbaya ziwa lote liko magharibi.

Kinachofaa ni hesabu ndogo ya dira. Katika mwaka mzima jua linazama kati ya digrii 246, mwishoni mwa Desemba, na digrii 294, mwishoni mwa Juni. Lenzi ya milimita 4 kwenye kamera za kawaida ina upana wa digrii 80 hivi. Ukiielekeza kusini kidogo kuvuta magharibi, yaani digrii 200, fremu yako inaishia digrii 240: unapata maji, ufuko na anga, na jua haliingii hata siku moja. Anayetaka milima ya Congo katikati ya picha lazima akubali kwamba jioni nyingi picha itamezwa na mwanga. Kwa maoni yangu inastahili, kwa sababu ile milima ndiyo alama bora ya mwono tuliyo nayo. Ziwa lina upana wa wastani wa kilometa 50, na wakati wa kiangazi, moshi wa nyika zinazoungua unapotanda, ng'ambo hupotea kwa wiki nyingi. Mvua za kwanza zikisafisha hewa, makorongo yanahesabika.

Kwa fremu yoyote utakayochagua, upeo ukae theluthi ya chini, anga lichukue sehemu kubwa, na nyuzi za umeme zibaki nje.

Dhana: siku ya kamera ni kuanzia 06:00 hadi 18:00

Ratiba hiyo imenakiliwa kutoka kwa watu wa pwani. Saa ya Afrika Mashariki inafuata longitudo ya digrii 45, ilhali Kigoma ipo digrii 29.6, kwa hiyo adhuhuri ya jua huku ni takriban 13:00, na jua huchomoza karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Kamera iliyozimwa saa 12 jioni inakosa machweo yote. Panga 06:15 hadi 19:40, na uiunganishe saa ya kamera na seva ya muda ya mtandaoni, kwa sababu picha yenye saa ya uongo haifai kitu kwenye kumbukumbu za hali ya hewa.

Dhana: imeandikwa IP66, basi maji hayaingii

Sita ya kwanza inahusu vumbi, sita ya pili inahusu maji yanayorushwa kwa nguvu, na zote mbili zinahusu mwili wa kamera peke yake. Mkia mfupi unaotoka nyuma ya kamera, ule wenye tundu la kuchomekea waya wa mtandao, haumo. Ukiufungua baada ya msimu mmoja wa mvua bila kuufunika, utakuta pini nane zenye kutu ya kijani. Kiungio hicho kikae ndani ya kasha lisilopitisha maji, kamera iwe chini ya upenu, na waya uning'inie kidogo chini ya tundu la ukutani kabla ya kupanda na kuingia, ili tone lidondoke pale pa chini badala ya kuufuata waya hadi sebuleni.

Waya wenyewe uwe wa shaba tupu na wenye ganda jeusi la nje. Ule wa bei nafuu, wa aluminiamu iliyopakwa shaba, haupeleki vizuri kwa umbali umeme wa PoE, yaani ule unaoifikia kamera kupitia waya huohuo wa mtandao, na ganda la waya wa ndani hupasuka kwa jua.

Dhana: kifaa cha kukinga mruko wa umeme kinazuia radi

Kinapunguza mruko, yaani umeme unaopanda ghafla, unaotokana na radi iliyopiga jirani, tena kikiwa kimeunganishwa na ethi nzuri, waya unaoupeleka umeme ardhini. Radi ikipiga nyumba yenyewe hakisaidii. Eneo la mashariki mwa Congo, ng'ambo yetu, ni miongoni mwa yanayopata radi nyingi zaidi duniani, na huku nasi hatuko salama. Kamera isiwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye paa, na radi inapokaribia, kuchomoa waya kunabaki kuwa kinga bora.

Dhana: ni nyumba yangu, naweza kuonyesha ninachotaka

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu pia wanaokusanya picha za watu. Ua wa jirani, njia ya waendao kisimani na mlango wa msikiti vifunikwe kwa kiraka cheusi ambacho karibu kila kamera inacho kwenye mipangilio. Maeneo ya bandari na ya vyombo vya usalama yasiingie kabisa.

Vilevile picha ya wingu jeusi juu ya ziwa si utabiri. Kamera hujirekebishia mwanga yenyewe, kiasi kwamba wingu la kawaida linaweza kuonekana la kutisha na dhoruba ikaonekana ya kijivu tu. Tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na mvuvi anayejiandaa kuingia majini Kibirizi au Katonga aelekezwe huko kwa maandishi yanayosomeka, chini ya picha yenyewe.